Kengele ya Tatu

Juzi kikundi chenu cha makatekista wapya kilinialika niwape mawili matatu juu ya kazi hii. Mliniambia saa tatu. Mimi saa mbili na nusu nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi la mbele, fimbo magotini, nikiwasikiliza popo darini. Mlipoanza kuingia jua lilikuwa limepanda vizuri, na mwenyekiti wenu, yule mwenye simu mbili, akaniinamia kwa adabu kabisa: "Shikamoo mzee. Tusamehe, tumedilei kidogo."

Nikaitikia marahaba, nikacheka. Sikucheka kwa sababu mmechelewa. Ibada ya kigangoni ikianza kwa saa iliyotangazwa, ujue askofu yupo. Nililicheka hilo neno. Dilei. Siku hizi nalisikia kila kona. Basi la Mbeya likiharibika njiani, limedilei. Mbolea isipofika, imedilei. Kijana akimzungusha binti wa watu mwaka wa tatu bila kwenda kujitambulisha kwao, eti naye amedilei. Neno moja la Kiingereza mmelifanya gunia, mnatia humo kila kitu, viazi na mawe pamoja.

Sasa kwa kuwa siku ile muda ulitubana, nimeamua kuwaandikia. Mke wangu yuko hapa anachambua maharage, na ameshaniambia kwamba mimi ni mtu wa mwisho kuwafundisha wengine habari za kuchelewa. Ana sababu yake, mtaiona mbele.

Nimekuwa katekista wa kigango kimoja tu, huku upande wa Kaengesa, tangu nywele zikiwa nyeusi hadi waliponipa blanketi na kiti cha kustaafia. Watu wanadhani kazi yetu ni kufundisha dini. Ndiyo, lakini nusu ya kazi ni kumngoja padri. Padri ni mmoja, vigango ni vingi, na kati ya kigango na kigango kuna tope la Ufipa ambalo mnalijua wenyewe. Watu wameshavaa, wameshakaa, watoto wameanza kulia njaa, na wote wanakutazama wewe. Hapo lazima ujue kilichotokea huko kwa padri ni cha namna gani, kwa sababu kila namna ina dawa yake.

Kuchelewa peke yake si ugonjwa. Padri aliamka vibaya, chai ilikuwa ya moto, basi. Unaanzisha rozari, unamwambia mwalimu wa kwaya atie wimbo kila baada ya fungu, na watu watakuambia siku hiyo ibada ilikuwa nzuri. Kukawia ni habari nyingine. Aliyekawia mnajua kabisa kwamba ameondoka kwake, na hajatokea. Hapo hakuna anayenung'unika. Watu wanatoka nje mmoja mmoja, wanatazama kilima, na wewe usijaribu kuwachekesha. Waache watazame, na uwaombee walio safarini.

Halafu kuna wale wanaosuasua. Tulikuwa na Mzee Zeno, Mungu amrehemu, mkulima hodari na mcheshi, aliyekaa kwenye mafundisho ya ubatizo mpaka wanawe wakabatizwa, wakaoa, wakaleta watoto wao kubatizwa, yeye bado. Kila mwaka nikimuuliza ananiambia, "Mwakani, Katekista, mwaka huu kichwa kimejaa." Kukariri Kanuni ya Imani alikuwa anafika kwa Pontio Pilato anasimama, anakohoa, anaomba maji. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamletea mjukuu wake amfundishe. Wapi. Mwisho nikaacha kumuuliza. Nilipoacha, akaja mwenyewe nyumbani akiwa amenuna: "Mbona siku hizi huniulizi?" Pasaka iliyofuata akabatizwa, na kwa Pilato akapita bila kukohoa. Anayesuasua ukimsukuma anakaza miguu, na hilo liwekeni akilini mnapokwenda kufundisha wazee.

Haya yote alinifundisha Mzee Kasiani, katekista aliyenitangulia. Alikuwa mrefu, mkali, anavaa koti la sufu hata mwezi wa kumi na moja, jua linapotuchoma. Lakini somo lake kubwa lilikuwa kengele.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na nyundo yake kipande cha nondo. Ya kwanza maana yake wekeni majembe, ogeni. Ya pili, vaeni mtoke nyumbani. Ya tatu maana yake padri ameonekana, ingieni. Kile kilima chetu cha magharibi hakina mti hata mmoja, ni nyasi tupu mpaka juu, kwa hiyo anayechomoza pale unamwona mapema. Mzee Kasiani alikuwa ananishika mkono wenye nondo, ananiambia: "Ya kwanza piga kwa saa. Ya pili piga kwa kukadiria. Ya tatu usipige kwa kukadiria wala kwa kutumaini. Piga ukishaona kwa macho yako. Watu wakishaingia kwa kengele ya tatu halafu padri asije, safari nyingine utaipiga wakuone mwongo."

Ninyi mna simu. Na sisi zilitufikia, tukafurahi sana, ila mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya choo cha kigango. Hivyo katekista mzima katika kanzu yake alikuwa anapanda kichuguu, ananyoosha mkono juu, anashuka na ujumbe: "Niko njiani." Jamani, niko njiani! Mtu yuko njiani na bado anatafuta soksi. Simu haijaniambia hata mara moja padri yuko wapi. Kilima kilikuwa kinaniambia.

Sasa niwape ile habari ya harusi ya Leokadia.

Leokadia alikuwa binti wa kigango chetu, mpole, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Skolastika, ambaye kila mtu anamwita Shangazi Skola. Huyu mama hakuwahi kuolewa. Alikuwa na shamba lake, nyumba yake ya bati, na ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa anauheshimu. Mchumba wa Leokadia alikuwa Oresti, kijana mkimya, fundi wa baiskeli na pikipiki.

Harusi yao ilikuwa imeshaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza kulitokea msiba upande wa Oresti. Mara ya pili ilikuwa cheti chake cha ubatizo. Wazazi wake walikuwa wanaishi Zambia alipozaliwa, akabatizwa huko, na mtu aliyetumwa kukifuata ng'ambo ya mpaka wa Kasesya alirudi na kitenge na sabuni, cheti amekisahau. Tukatangaza siku ya tatu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, na mnajua kwamba kwetu Kwaresima ikiingia hakuna harusi mpaka Pasaka ipite.

Pombe ya ulezi nayo ilikuwa tayari. Wanawake wa upande wa Oresti waliipika kwa hesabu ya siku ile. Pombe ya ulezi haisomewi tangazo la kuahirishwa. Leo ni tamu, kesho inapasua kichwa, keshokutwa ni siki.

Asubuhi ile mvua ilinyesha kama imetumwa, ikakatika. Nikapiga kengele ya kwanza, nikapiga ya pili. Shangazi Skola akafika na bibi harusi, na kabla hajakaa akasimama mlangoni, akasema mbele ya ukoo wote wa Oresti, bila kupandisha sauti: "Tumekuja mara ya tatu. Leo ikiahirishwa, binti yetu tunarudi naye, na msitufuate."

Oresti alikuwa pale katika suti ya kuazima, akatazama viatu vyake.

Nikaanza kazi yangu ya kuvuta muda. Rozari, tukamaliza. Litania ya watakatifu, nikaongeza na watakatifu ambao nadhani hata mbinguni hawaitwi mara nyingi. Matangazo ya jumuiya nikayasoma polepole, tena mara mbili, kwa faida ya waliochelewa. Mafundisho ya ndoa nikayatoa mpaka waliooa zamani wakaanza kutazamana vibaya. Padri Benedikto hajatokea. Kichuguu nacho siku ile kiligoma, mtandao hakuna.

Nikatoka kidogo nyuma ya kanisa kutazama anga, na hapo ndipo mwalimu wetu wa kwaya, Desderi, alipotenda yake. Padri alikuwa mtu wa pikipiki siku zote, na wakati wa mvua alikuwa anavaa koti jeupe la plastiki. Desderi akaona pikipiki imechomoza kilimani, mtu juu yake ana koti jeupe. Akakamata nondo, akaipiga kengele ya tatu kwa nguvu zake zote.

Nilirudi mbio, lakini watu walikuwa wameshasimama. Kwaya imeshaanza wimbo wa kuingia, akina mama wanapiga vigelegele, maharusi wamepangwa mlangoni. Pikipiki ikaja mpaka mbele ya kanisa, ikasimama, na aliyeshuka akavua koti. Alikuwa Hamisi, kijana muuza samaki kutoka Ilemba, na nyuma ana tenga la perege. Akatutazama, akatazama maua, akasema taratibu, "Jamani, hata mimi nawapenda, lakini nimeleta samaki tu."

Leo nacheka. Siku ile hakucheka mtu, ila mtoto mmoja, naye akafinywa.

Kumbe Hamisi alikuwa na habari. "Padri wenu nimempita kule bondeni," akaniambia. "Ana gari la parokia, limezama kwenye tope mpaka tumbo. Anasema aliogopa kuja na pikipiki kwa sababu ya mvua."

Kusikia hivyo, wajomba wa Leokadia wakainuka, mmoja akavaa kofia. Mzee mmoja wa upande wa Oresti, akidhani anatuliza mambo, akasema, "Basi ndugu zangu, tuisogeze tu mpaka baada ya Pasaka." Nikamwona Leokadia anakaa chini na gauni lake, palepale kwenye kizingiti. Shangazi Skola akamshika mkono amwinue waende.

Nikamwomba Shangazi dakika moja, tukasogea upande wa jiko la kigango. Nilidhani nitakutana na hasira. Nikakuta macho yamejaa machozi.

"Katekista," akasema, "mimi nilishawahi kuvaa. Wewe ulikuwa bado hujahamia huku. Mara ya kwanza walisema kuna msiba. Mara ya pili walisema mvua. Mara ya tatu nilivaa nikakaa kitandani mpaka jioni, na hawakutuma hata mtu. Huyu mtoto sitamwacha akae kitandani amevaa. Bora nimtoe mwenyewe, akinichukia anichukie mimi."

Nilikuwa nimemjua mama yule miaka mingi, nikidhani ule ukali ni tabia. Nikaona huruma. Lakini nikakumbuka kazi yangu.

"Shangazi," nikamwambia, "wale wa kwako waliahirisha kwa sababu walikuwa hawataki. Huyu padri hajaahirisha, amekwama. Na Oresti yuko pale mlangoni, hajaondoka. Asiyetaka unamwacha aende zake. Aliyekwama anasukumwa."

Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akajifunga vizuri kiunoni, akatoka mbele ya watu. "Majembe yako wapi?" akauliza.

Ulikuwa mwezi wa pili, na mnajua mwezi wa pili Mfipa hakai mbali na jembe. Ndio wakati wa kulima ntumba, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi ndani yake zioze. Kila nyumba jembe lilikuwa mlangoni. Tukatoka sote. Hamisi mbele kuonyesha njia, tenga la samaki akiwa ameliacha kwa wapishi, kwaya nyuma yake inaimba, wajomba wamenuna lakini wanatembea, Leokadia amevua viatu na gauni amelikunja mkononi. Shangazi akaamuru mtungi mmoja wa pombe ubebwe. Alisema wanaume hawachimbi tope na koo kavu.

Tulimkuta Padri Benedikto amekaa juu ya boneti anasali masifu, ametapakaa tope mpaka nywele. Alipotuona tunashuka kilima na majembe, naona aliogopa kidogo. "Katekista, kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Padri. Tumekuja kukupokea."

Wa kwanza kuingia kwenye tope alikuwa Oresti. Hakuvua koti wala hakukunja suruali. Alilala chini ya gari lile, akachimba kwa mikono mahali majembe yasipofika, akapitisha mawe chini ya magurudumu, akaanza kuwapanga watu wapi washike. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiamuru. Wengine tukachimba pembeni, na kwa mazoea tu, tope tulilotoa tukalipanga ntumba mbili safi kando ya barabara. Mwenye shamba la pale baadaye alipanda maharage juu yake, yakakubali.

Shangazi Skola alikuwa amesimama juu ya ukingo, mikono kifuani, anamtazama Oresti muda wote. Gari liliponguruma likatoka, kijana akainuka akiwa hana sehemu kavu, akamtazama bibi harusi wake, wakaanza kucheka wote wawili. Nikamsikia Shangazi anasema kwa sauti ya chini, kama anajiambia mwenyewe, "Huyu hatafuti sababu."

Harusi tuliifunga alasiri. Oresti aliazimwa suruali ya mjomba mmojawapo, aliyebaki amejifunga shuka. Kabla ya kuingia nilimsimamisha padri chini ya mkaratusi, nikamtazama kwa macho yangu mawili kwa utaratibu, kisha nikapiga kengele ya tatu. Desderi alikuwa kando yangu, hakunitazama usoni. Pombe ilikuwa katika saa yake, na Hamisi, ambaye kwa dini yake haigusi, alikunywa soda, akacheza kuliko wote. Samaki wake waliishia pale pale harusini.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mke wangu ameacha kuchambua maharage, ananitazama. Basi nimalizie.

Mimi nilikuwa mjane miaka mingi. Baada ya harusi ile nikajikuta kila juma nina jambo la kunipeleka nyumbani kwa Shangazi Skola. Nampelekea taarifa ya jumuiya ambayo alishaisikia kanisani. Nampelekea mbegu za maharage, naye mbegu anazo. Nikamwezekea jiko upya bila kuombwa. Nilikuwa nakaa, nasifia mvua, nalaumu mvua, naaga. Njiani narudi nikijipangia maneno ya kusema safari ijayo, na safari ijayo nasifia mvua tena. Mtu aliyewasukuma wengine watoke kwenye tope akabaki amezama mwenyewe pasipo na tope.

Wakati wa mavuno nilimkuta uani anapepeta ulezi. Nikakaa kwenye kinu, nikasema mwaka huu ulezi umezaa vizuri. Akaendelea kupepeta. Nikasema na upepo nao ni mzuri. Akaweka ungo chini.

"Katekista," akasema. "Ya kwanza niliisikia, ulipoleta mbegu. Ya pili niliisikia, ulipoezeka jiko. Mimi nimeshavaa. Ya tatu unaipiga lini?"

Nikainuka kwenye kinu.

"Leo, Skola," nikasema.

Siku yetu Padri Benedikto alikuja na pikipiki. Alifika kabla hata sijapiga kengele ya kwanza, akanikuta na ufagio mkononi, nafagia kanisa. Skola alikuwa ameshavaa tangu alfajiri, amekaa kwenye benchi la mbele, ananingoja.